Asilimia Tano kwa Mtalaka

Wiki nzima mmenisumbua, wasomaji wangu. Kuna aliyenisimamisha sokoni vikapu mikononi, kuna aliyenipigia simu nina povu la sabuni machoni, na wote swali lenu ni moja: aliingia au hakuingia?

Aliingia.

Tulimwacha Cherehani sebuleni mwa nyumba yake mwenyewe, pochi ingali begani. Alikuwa amerudi mapema kwa kuwa umeme ulikatika kwenye duka lake la ushonaji. Mlango wa chumba chake cha kulala ulikuwa wazi kidogo, na kutoka ndani sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka, ilikuwa ikisema: "Na hapa ndipo nilipokuwa nalala mimi."

Cherehani aliusukuma mlango kwa mguu.

Watu wanne waligeuka kwa mpigo. Mume wake, Fundi, yule mtengeneza friji, alikuwa kando ya kabati kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Karibu naye walisimama bwana na bibi asiowafahamu, wamevaa vizuri, wamevua viatu kwa heshima. Wa nne hakusimama. Wa nne alikuwa amekaa. Kitandani! Upande wa dirishani, upande wa Cherehani, kiganja chake kikipapasa shuka.

Kishada cha funguo kilining'inia kiunoni mwake. Nani asiyemjua? Ni Mama Funguo, dalali wa nyumba anayesifika mji mzima. Lakini Cherehani alimjua kwa cheo kingine. Huyu ndiye mtalaka wa mumewe. Mke wa kwanza. Aliyelala humu kabla yake.

"Karibu," alisema Mama Funguo.

Hebu fikiria, msomaji. Ukaribishwe chumbani kwako!

"Inuka kitandani kwangu."

"Bi mdogo, tulia. Nina wateja hapa."

"Bi mdogo ni shangazi yako! Nimesema inuka!"

Yule bwana mgeni, daktari wa meno mwenye zahanati yake, alikohoa kidogo. "Labda sisi tungetangulia nje." Mkewe alikuwa ameshatangulia. Walipita ukutani kama watu wanaokwepa tope, viatu mkononi, na mara wakasikika wakiwasha gari.

Mama Funguo aliinuka taratibu. Alikuwa mrefu. Akisimama, kichwa chake kilikaribia taa.

Na hapo ndipo palipokuwa na donda lote. Kila kitu ndani ya nyumba hii kilipigiliwa kwa kimo cha mwanamke huyu. Rafu za jikoni, Cherehani huzifikia kwa kupanda kigoda. Kioo cha bafuni, tangu aolewe, humwonyesha paji la uso tu. Vigae vya kijani, yeye hakuvichagua. Mlango wa nyuma unaofungukia upande wa kushoto, yeye hakuuliza uwe hivyo. Mwaka baada ya mwaka alikuwa akiishi ndani ya nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine, na yeye ni mshonaji! Ndiyo maana alimganda mumewe: tuuze, tuhame, tukaanze kwingine. Fundi alizungusha maneno mpaka yakaisha, mwishowe akasema sawa, nimepata dalali mzuri, niachie mimi.

Dalali mzuri!

"Fundi," alisema Cherehani, na sauti ilikuwa ndogo, jambo lililomtisha mumewe kuliko kelele. "Katika madalali wote wa mji huu?"

"Ndiye anayeuza haraka, mke wangu."

"Anauza haraka. Na anachukua ngapi?"

Fundi alitazama dari. Mama Funguo akajibu mwenyewe. "Asilimia tano ya bei. Kama ninavyowatoza wote."

Cherehani alicheka, ingawa si kicheko cha furaha. "Asilimia tano! Kwa kazi gani? Kufungua mlango? Funguo ninayo. Kusema hapa jikoni, hapa choo? Mgeni haoni choo? Sisi tumelipa kodi za jengo, tumeziba paa, tumepaka rangi, halafu wewe uje ukate kipande cha nyumba kwa kukaa kitandani!"

"Wewe mteja akikuambia kushona ni kupitisha sindano tu, unamjibuje?"

"Mimi mteja nampima mwili. Sijawahi kulala kwake!"

Fundi alitaka kucheka, akaona macho ya mkewe, akameza.

Mama Funguo hakupandisha sauti. "Nikueleze, kisha niende. Kabla mtu hajakanyaga hapa, mimi nimeshajua kama pesa anayo au anayo midomo tu. Nimemuuliza mambo ambayo wewe ungeona haya kuuliza. Nauli yangu, vocha yangu, jua langu. Anayedharau, ananidharau mimi, si ninyi. Anayetaka kupunguza bei, anabishana na mimi mpaka achoke. Na nyumba isipouzwa, sipati hata maji ya kunywa. Kazi ipi nyingine unaijua ya hivyo?"

"Na kuwaambia wateja ulikuwa unalala wapi, hiyo nayo ni kazi?"

"Hiyo ndiyo inayouza. Mtu hanunui kuta. Ananunua kuambiwa kwamba asubuhi jua linaingia kwa dirisha lile na kufika mpaka kwenye mto wa kulalia. Kuna mwingine anayeweza kumwambia?"

Kila neno lilikuwa pini. Maana ni kweli, jua hufika mpaka kwenye mto. Cherehani alidhani jambo hilo analijua yeye peke yake.

"Nipe funguo ya nyumba yangu."

Mama Funguo aliitoa kwenye kishada, akaiweka kitandani. Mlangoni akageuka, akamtazama Fundi kwanza, ndipo akamtazama Cherehani.

"Wateja watatu kabla ya hawa waliipenda nyumba hii. Nawajua watu wanapopenda. Wote watatu, kesho yake, hawakupokea simu. Udalali wangu nimeuacha, lakini jiulizeni: nani anayewafukuza?"

Akaondoka. Na Cherehani, jibu alikuwa nalo tayari. Anayewafukuza ni nani kama si wewe mwenyewe, ewe mrefu? Nyumba isiuzwe upesi, ili upate kisingizio cha kuja kila siku kupapasa shuka!

Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, akaenda nalo kazini.

*

Cherehani aliamua kuuza mwenyewe.

Watu humwita Cherehani si kwa ajili ya ushonaji tu. Akianza kusema, hanyamazi mpaka uzi ukatike. Akajiambia: mdomo ninao, nyumba ninayo, dalali wa nini? Akapaka maandishi mekundu kwenye ubao, akaufunga getini kwa waya: NYUMBA INAUZWA. MADALALI MSISUMBUKE.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa dalali.

Wa pili aliuliza kama bei inajumuisha makochi. Wa tatu alitaja nusu ya bei, akaambiwa hapana, akaongeza kidogo kama anayenunua nyanya. Wa nne alikuja na mkewe, mama mkwe na mashemeji, wakakagua kila chumba, wakanywa juisi yote iliyokuwa kwenye friji, wakaomba maji juu yake, kumbe walikuwa wanapita kuelekea harusini na gari lilipata joto.

Wa tano ndiye aliyemmaliza. Mzee mpole, kofia mkononi, pesa anazo, unaona kabisa. Akauliza swali moja dogo: "Mama, kwa nini mnaiuza?"

Mdomo wa Cherehani, ule usioshindwa, ulifunguka ukakosa neno. Aseme nini? Akasema ukweli. "Siipendi."

"Ah," alisema mzee, akavaa kofia.

Jioni hiyo Cherehani alikaa kwenye kigoda cha jikoni akitazama rafu zilizo mbali. Ingekuwa yule mwingine, angejibu nini? Alikasirika kwa kuwa alijua angejibu vizuri.

Wakati huo, msomaji, mumewe alianza mambo. Simu aliilaza kifudifudi. Mchana, katikati ya kazi, alitoweka. Karakana yake ya friji ilikuwa mkabala na duka la Cherehani, barabara tu katikati, na mara nyingi Cherehani aliinua macho kutoka kwenye sindano akaona shata imeshushwa. "Nilikwenda kununua gesi," Fundi angesema. Gesi gani hiyo inayonunuliwa kwa shati la pasi?

Aliyemwaga petroli ni shoga yake, msusi wa saluni ya jirani.

"Shoga, sitaki kuvunja ndoa ya mtu."

"Basi usiseme."

"Haya, sisemi." Msusi akasogeza kiti karibu. "Mumeo nimemwona kwa Mama Funguo. Ofisini kwake. Jana. Na juzi."

Sindano ilipita kwenye kidole cha Cherehani. Hakulia. Alikitazama kidole kama si chake.

Kesho yake aliingia mteja dukani, mama mmoja mfamasia, anataka gauni la mahafali ya mwanawe. Alisimama mikono juu, Cherehani akamzungushia futi ya kupimia kifuani, akili haipo. Mteja ndiye aliyeanza.

"Wewe si ndiye mwenye ile nyumba ya vigae vya kijani? Nilikuona kwenye picha ukutani."

"Ndiye."

"Tuliipenda, jamani! Mimi na mume wangu tulishapanga mpaka kochi likae wapi. Afadhali tulishtuliwa mapema."

Futi ilisimama. "Mlishtuliwa nini?"

"Si hayo ya msingi kupasuka. Na maji kuingia sebuleni kila mvua ikinyesha. Tukasema basi, tutanunuaje kisima?"

Nyumba ya Cherehani haijawahi kuingiza maji hata tone. Lakini moyo wake ulicheza ngoma. Nimempata! Nimempata mchawi!

"Ni Mama Funguo aliyewaambia?"

"Mama Funguo? Yule alituomba tukamlete hata mjenzi wetu akague. Hapana, mama, unanibana."

Cherehani aliilegeza futi. "Nani, basi?"

Mfamasia alimtazama kwa mshangao, kisha kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyochoma. "Mume wako. Fundi wa friji. Alitufuata mpaka dukani kwetu, akaomba tukae pembeni. Nikasema huyu ni mtu mwaminifu sana, anakataa pesa ili asimdhulumu mwenzake. Wewe hukujua?"

Cherehani aliinua macho, akatazama ng'ambo ya barabara.

Shata ilikuwa imeshushwa.

*

Ofisi ya Mama Funguo ni chumba kimoja chenye mlango wa kioo, uliobandikwa picha za nyumba za watu mpaka hupati pa kuchungulia. Cherehani alifika akihema, futi ingali shingoni. Kati ya picha ya ghorofa na picha ya kiwanja aliona vipande viwili: bega la mumewe, na mkono mrefu wa kike ukiwa mezani.

Mlango ulikuwa haujafungwa sawasawa. Sauti ya Fundi ilitoka, ikibembeleza. Tangu amjue, hajawahi kumsikia akibembeleza hivyo.

"Nitakupa chote unachodai. Chote. Ila mke wangu asijue."

Msomaji, wewe ungefanya nini? Ungesubiri sentensi ya pili?

Cherehani hakusubiri. Mlango uligonga ukuta, picha tatu zikaanguka.

"Asijue nini?"

Fundi aliruka. Mama Funguo hakuruka. Aliegemea kiti, akakunja mikono, na usoni mwake palikuwa na uchovu badala ya hatia. "Afadhali umekuja," alisema. "Mwambie, Fundi. Au nimwambie mimi?"

"Si unavyodhani, mke wangu."

"Hujui ninavyodhani! Nimetoka kumpima mteja. Amenipa habari za msingi uliopasuka, na maji sebuleni. Unafukuza wateja wewe! Unafukuza ili huyu arudi na wengine, arudi na wengine, mpate kuonana! Na sasa mnaonana hapahapa, mmeacha hata kujificha!"

"Amekuja kunipa udalali," alisema Mama Funguo.

"Udalali wa nini? Nimekuachisha!"

"Hilo ndilo la ajabu. Asilimia tano yote, taslimu. Anasema atauza pikapu yake ya kazi. Nilimpigia kumwambia nimepata mnunuzi ambaye hata akiambiwa nyumba ina bahari ndani atainunua. Akaja mbio, na tangu siku hiyo hachoki kurudi. Anataka kunilipa nimwambie mnunuzi huyo kwamba imeshauzwa." Akatikisa kichwa. "Nimefanya kazi hii mpaka visigino vimepasuka. Nimedhulumiwa na walionitumia kuuza. Sijawahi kuombwa nilipwe kwa kutouza."

Cherehani aligeuka kwa mumewe. Maneno yalimjia yote kwa pamoja, na kama kwenye foleni ya mlango mwembamba, likatoka dogo tu. "Kwa nini?"

Fundi alikaa. Mikono yake mikubwa, yenye makovu ya bati na gesi, aliilaza mezani kama vifaa anavyotaka kukabidhi.

"Naipenda," alisema.

Damu ilimwisha Cherehani usoni. "Huoni haya kunitamkia mbele yake?"

"Nyumba! Naipenda nyumba. Tofali zile nimezifyatua mwenyewe, jua likinichoma mgongo. Paa lile nimelipanda peke yangu. Baba yangu alikufa mpangaji, mke wangu. Uliposema tuuze, niliona kama unaniambia nikate mguu ili tutembee vizuri. Sikuweza kukukatalia. Na sikuweza kuuza."

"Na huyu? Kwa nini ulimchukua yeye?"

Fundi alimtazama mtalaka wake kwa aibu. "Nilidhani ataivuruga kazi. Nilidhani hataweza kuona nyumba aliyoishi inakwenda kwa mtu baki. Nikasema huyu atasuasua mpaka mke wangu asahau."

Mama Funguo alicheka, na machozi yakachungulia. "Hukunijua hata kidogo! Mimi ningeiuza siku ileile. Unajua, dada," na mara hii hakusema bi mdogo, "mimi watu walisema niliachika kwa ajili ya mwanamke. Nilimtafuta mwanamke huyo mpaka nikachoka. Nilinusa mashati. Nilipekua mifuko. Hakuwepo. Nikisema twende tukatembee, anapaka rangi geti. Nikiumwa, anaziba ufa. Siku niliyofunga mizigo, alikuwa juu ya paa. Akaniuliza kutoka huko juu kama nimefunga bomba."

Cherehani alitafuta kiti, akakaa. Kwa mara ya kwanza walikuwa wamekaa wote watatu.

Kitu kilimlegea kifuani. Kumbe ndiyo hiyo? Kumbe miaka yote ya kulinganisha kimo na rafu, ya kujiuliza mumewe akiwa kimya anamfikiria nani, mke mwenzake ni tofali? Alitaka kucheka. Alitaka hata kumshika mkono mwanamke huyu mrefu. Nusura amshike.

"Basi tunaiuza," alisema. "Dada, uliacha udalali, nakurudishia. Mnunuzi wako yuko tayari?"

"Yuko tayari. Bei kamili. Habishani."

"Haambiliki hata na mume wangu?"

"Haambiliki. Nyufa zote nimeshamwonyesha, za kweli na za uongo."

"Ni nani?"

Mama Funguo alisita. Ndiyo, yule aliyekalia kitanda cha watu bila kupepesa, alisita. Vidole vikachezea kishada cha funguo. "Ni mwenzangu. Mwanamume niliye naye. Tunaoana mwezi ujao."

Feni ya mezani iligeuka kushoto, ikageuka kulia.

"Nani?"

Aliyeuliza ni Fundi.

Cherehani hakumtazama mumewe mara moja. Alisikiliza kwanza. Neno moja tu, msomaji, lakini mshonaji husikia uzi ukikatika hata redio ikiwa inaimba. Sauti ile ilitoka chini, mahali ambapo yeye hajawahi kufika. Kwa ajili yake Fundi hajawahi kuuliza "nani" hivyo. Hata siku muuza vitambaa alipomletea zawadi ya kanga mbili, Fundi aliuliza tu kama zina risiti.

Ndipo akamgeukia. Uso wa mumewe ulikuwa wazi kama dirisha lisilo na pazia.

"Nimeuliza nani!"

"Humjui. Na hakuhusu," alisema Mama Funguo.

"Atalala wapi? Mle ndani? Na wewe?"

"Watu wakinunua nyumba hulala ndani, Fundi."

"Haiwezekani! Nimuuzie mtu nyumba yangu akakuweke wewe..." Akaishia hapo. Alikuwa ameshasema, na alijua.

Hakuna mwanamume anayeulizia tofali hivyo.

Lile lililolegea kifuani mwa Cherehani lilijikaza upya, mara mbili ya mwanzo. Kumbe ni vyote viwili! Kumbe alipopanda juu ya paa siku ile hakuwa anaziba kitu. Alikuwa hataki kuonekana usoni. Na Mama Funguo naye ameinamisha kichwa, shingo ndefu imepata rangi, na pembeni ya mdomo wake, ewe Mola, palikuwa na tabasamu. Dogo. La mtu aliyengoja jibu miaka mingi na sasa amelipata akiwa hana tena la kulifanyia.

Cherehani aliliona. Na alijua kuwa mwenzake anajua kwamba ameliona.

"Hii ofa," alisema polepole, "unanunua wewe, au unauza wewe? Maana asilimia tano hailipwi pande mbili."

"Hapa sitachukua udalali. Siwezi kulipwa kwa nyumba nitakayoingia mwenyewe."

"Utachukua."

"Dada, nimesema naiacha."

"Nami nimesema utachukua! Yote!" Cherehani alisimama. Hata akisimama alikuwa mfupi, lakini wote wawili walimtazama kwa kumwinulia macho. "Siku ile nilikuuliza kazi yako ni ipi. Sasa nimeiona. Dalali wa kweli ukimlipa anakwenda. Anahesabu chake, anashukuru, mnasahauliana. Wewe ukiacha kuchukua, utakuwa umetuachia zawadi. Na mume wangu atakaa sebuleni kwangu, huko tutakakohamia, akiikumbuka zawadi yako. Sitaki akukumbuke kwa wema. Nataka awe amekulipa."

Mama Funguo alikiweka kishada cha funguo mezani. "Sawa," alisema hatimaye. "Yote."

"Mpigie bwana wako. Sasa hivi. Mimi mwenyewe nitamtembeza vyumba vyote."

"Mke wangu," alisema Fundi, "hebu kwanza twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Mama Funguo alishaibonyeza simu, akaiweka mezani kwa sauti ya juu. Ikaita. Mkono wa Fundi ukaruka kuifunika. Cherehani akaweka wake juu ya mkono huo, na akashtuka: ulikuwa wa baridi, huu mkono ushikao waya za moto bila kujikunja.

"Utoe," alisema.

Hakuutoa.

"Fundi, utoe mbele yangu."

Ukatoka, kidole kimoja kimoja.

"Haloo, mpenzi?" ilisema simu. Sauti nzito, changamfu, ya mwanamume asiye na wasiwasi duniani. "Vipi, wamekubali?"

Cherehani aliinamia simu, futi ikining'inia shingoni, macho yake hayakuachana na uso wa mumewe.

"Haloo, shemeji. Mimi ndiye mwenye nyumba. Njoo ofisini kwa mchumba wako, tumekubali."

"Nipo hapo nje, naegesha gari," ilisema sauti.

Na Fundi, ambaye miaka yote ya ndoa hajawahi kumpandishia mtu mkono wala sauti, aliinuka, akavuka picha zilizoanguka sakafuni, akaufunga mlango wa kioo, na kuzungusha ufunguo kwa ndani.